Marejesho ya Kila Wiki, Mavuno ya Februari

Mkopo si kitu adimu Ikutha. Uko kwenye simu, kwa yeyote mwenye laini iliyosajiliwa. Uko kwa shailoki anayejulikana na soko zima. Uko dukani, kwenye daftari ambamo unga na sukari ya mwezi mzima imeandikwa kwa kalamu iliyofungwa uzi isipotee. Kilicho adimu ni mahali pa kuweka shilingi elfu kumi za ndengu mwezi wa Februari, ukarudi Oktoba mbegu zinapotakikana, ukazikuta zote na nyongeza kidogo.

Kila tunapozungumza kuhusu benki za mikopo midogo, hizi zenye leseni ya Benki Kuu, mazungumzo huanzia kwa mkopo na kuishia kwa mkopo: nani amepewa, riba ni ngapi, nani amechukuliwa godoro kwa kushindwa kulipa. Upande wa akiba hupitiwa juujuu. Ilhali leseni haikubuniwa kwa ajili ya mkopaji. Ukitaka kukopesha pesa zako mwenyewe, sheria ya Kenya kwa miaka mingi haikukuuliza mengi. Leseni ilikuja kwa sababu ya pesa za watu wengine, zile ambazo mama wa Kanziko, jirani na Ikutha, anamkabidhi mtu asiyemjua ukoo wala kijiji.

Ikutha iko Kitui Kusini, kwenye barabara inayotoka Kibwezi, inavuka Mto Athi ambao ndio mpaka wa Makueni na Kitui, inapita Mutomo hadi Kitui mjini, kisha inaendelea Migwani na Mbondoni. Kwa miaka na mikaka ilikuwa barabara ya vumbi kiangazi na matope masika. Sasa ni lami, kilomita 192 kwa jumla, kazi ya kampuni ya Sinohydro ya China. Nyuma ya vijiji kuna vichaka vinavyoendelea hadi mbuga ya Tsavo Mashariki, na ndovu wakitoka huko hawabishi hodi shambani. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walikuwa na kituo hapa tangu miaka ya 1890, kabla reli haijafika mahali tunapopaita Nairobi. Kwa hiyo wageni wanaokuja na vitabu na masharti si jambo jipya Ikutha.

Ukitaka kuelewa kwa nini benki hupata taabu hapa, usianze na riba. Anza na mvua. Katika sehemu nyingi za Kenya mkulima hutegemea masika ya Machi hadi Mei. Ukambani, Kitui ikiwamo, ni kinyume: mvua ya kuaminika, kama ipo ya kuaminika, ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Hapo ndipo watu hupanda ndengu, kunde, mbaazi na mtama. Ndengu za aina ya N26, ambazo wakulima huziita nylon, na KS20, wanazoziita uncle, hukomaa kati ya siku 60 na 90 hivi. Maana yake ni kwamba mavuno huangukia Januari na Februari, karibu kwa kila nyumba, kwa wiki zilezile.

Januari ndiyo shule zinafunguliwa. Mzazi ana ndengu ambazo hazijakauka vizuri na barua ya karo mkononi. Dalali anajua hilo vizuri kuliko mwalimu mkuu. Anakuja na lori, anapima kwa gorogoro aliyoibonda kidogo chini ili iongeze tumbo, na bei anaisema yeye. Miezi mitatu baadaye ndengu zilezile zitakuwa Nairobi na Mombasa kwa bei ambayo aliyezilima hawezi kuimudu. Baada ya Machi, pesa Ikutha inakuwa ya kubahatisha: mbuzi mmoja wa kuuza, asali kidogo, kibarua Kibwezi au Mombasa, mtoto aliye Nairobi akikumbuka nyumbani. Zamani makaa yalijaza pengo, hadi mwaka 2018 Gavana Charity Ngilu alipopiga marufuku kuyasafirisha nje ya kaunti. Biashara hiyo haikufa, ila ilianza kusafiri usiku.

Sasa weka juu ya kalenda hiyo mkopo wa kikundi wenye marejesho ya kila wiki au kila mwezi, unaoanza kulipwa majuma machache baada ya kupokewa. Mkulima anakopa Oktoba anunue mbegu. Anatakiwa kuanza kulipa Novemba. Ndengu zake Novemba zina majani manne.

Anafanyaje? Anauza mbuzi. Akiisha mbuzi, anakopa kwa simu ili alipe kikundi, kisha anakopa kwa shailoki ili alipe simu. Mkopo uliotolewa kwa ajili ya kilimo unalipwa na kila kitu isipokuwa kilimo. Ndiyo maana ukichunguza ni nani hasa hufaulu na mikopo hii katika miji midogo ya barabara hii, utakuta ni mwenye duka, mwenye kibanda cha chai, mwuza mitumba na mwendesha bodaboda. Hao wana pesa inayoingia kila siku, na marejesho ya kila wiki kwao ni jambo la kawaida. Mchuuzi wa Kibwezi anayewauzia wasafiri wa barabara ya Mombasa anaweza kulipa Jumatatu kwa Jumatatu bila kutoka jasho. Mkulima wa ndani kule, umbali wa saa moja kwa pikipiki, hawezi.

Nimesikia maafisa wa mikopo wakilaumiwa kwa hili kana kwamba ni roho mbaya. Haki yao tuwape. Marejesho madogo ya mara kwa mara yalibuniwa kwa sababu yanafanya kazi: tatizo linaonekana mapema, na mkopaji hajikuti na deni kubwa siku moja. Mtindo huo ulitoka Bangladesh, ambako Muhammad Yunus alianza kukopesha wanavijiji wa Jobra mwaka 1976, na Benki ya Grameen ikasajiliwa mwaka 1983. Lakini Bangladesh ni nchi ya mito, yenye watu waliobanana na biashara ndogondogo zinazozunguka mwaka mzima. Na hata Grameen wenyewe, kuanzia mwaka 2001, walilegeza masharti yao ya awali, wakakubali mkopaji apangiwe upya malipo anapokwama. Sisi tulichukua toleo la kwanza, na sehemu nyingine hatujalibadilisha.

Kuna jambo la hesabu ambalo lazima lisemwe waziwazi, kwa sababu halisemwi mikutanoni. Chukua mkopo wa shilingi 30,000 wa mwaka mmoja, unaotozwa asilimia 20 ya kiasi chote cha mwanzo. Riba ni 6,000, jumla ni 36,000, sawa na 3,000 kila mwezi. Mkopaji anaambiwa asilimia 20 na anakwenda nyumbani akijua asilimia 20. Kumbe kufikia mwezi wa sita amesharudisha nusu ya mkopo, na bado anatozwa riba kana kwamba elfu 30 zote ziko mkononi mwake. Ukihesabu kwa deni linalopungua, riba halisi ni karibu asilimia 35 kwa mwaka. Ongeza ada ya maombi na bima ya mkopo. Ongeza akiba ya lazima, tuseme asilimia 10, yaani elfu tatu zinazozuiliwa kabla hajazigusa, na ambazo analipia riba vilevile. Swali moja la kumwuliza afisa kabla ya kutia sahihi ni hili: riba hii ni ya deni lote au ya deni lililobaki? Akijibu kwa kuzunguka, mtu ameshapata jibu.

Kabla ya benki yoyote kuna mbuzi, na kabla ya kikundi chochote cha mkopo kuna mwethya. Mwethya ni Wakamba kukusanyika kufanya kazi ya mmoja wao, leo kwako, kesho kwangu. Kwa nguvu hiyo ndipo shirika la SASOL, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, lilijenga mabwawa ya mchanga kwa mamia kwenye mito ya msimu ya Kitui: wanavijiji wakibeba mawe na kuchota maji, shirika likileta saruji na fundi. Watu waliobeba mawe pamoja msimu mzima wanajuana. Wanajua nani hufika mapema, nani hutuma mtoto kwa niaba yake, nani huahidi na kupotea. Hakuna afisa wa mikopo anayeweza kuzipata habari hizo kwa fomu ya kurasa nne.

Mbuzi na ng'ombe nao walikuwa akiba yenye historia. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipoamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, ikiwachukua ng'ombe na kuwapiga mnada kwa bei ya kutupa, maelfu ya watu walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi wakidai kuonana na gavana. Mbingu aliishia kuhamishiwa Lamu, lakini serikali ilirudi nyuma. Waliotembea siku ile walikuwa wanatetea akiba yao ya maisha. Ubaya wa akiba hiyo ni kwamba kiangazi kikikaza mbuzi wote hukonda pamoja, na bei ya sokoni hushuka siku ileile kila mtu anapotaka kuuza.

Leo kikundi cha wanawake, chini ya mwarobaini au kwenye kivuli cha kanisa, huwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa wanawake watatu, na sanduku liko kwa wa nne. Halifunguliwi hata mmoja asipokuwapo. Kila mwanachama ana nambari na kitabu cha akiba, na kila anunuapo hisa hupigiwa muhuri mbele ya wote. Kuchelewa kuna faini, simu ikilia kuna faini. Kuna mfuko wa kando wa matanga na ugonjwa. Mkutano unapofungwa, kiasi kilichobaki sandukuni hutangazwa kwa sauti na kila mtu hutakiwa kukishika kichwani, maana mkutano ujao utaanza kwa kuulizwa: kilikuwa kiasi gani? Asiyejua kusoma hana pa kudanganywa. Mwaka ukiisha, pesa zote na faida ya mikopo hugawanywa, sanduku linabaki tupu, wanaanza upya. Mfumo huu shirika la CARE lilianza kuusuka na wanawake wa Niger mwaka 1991, na sasa umeenea Afrika nzima. Nauheshimu kuliko mifumo mingi ya kompyuta niliyowahi kuona.

Lakini sanduku lina udhaifu mmoja ambao uaminifu hauwezi kuuponya. Wanachama wote wanalima ndengu. Wote wana pesa Februari, na wote wanataka kukopa Oktoba. Mvua ikikataa, inakataa kwa wote. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilifeli katika maeneo kame ya Kenya. Kikundi chenye nidhamu ya jeshi hakina la kufanya katika hali hiyo, kwa sababu hakuna mwanachama hata mmoja aliye na ziada ya kumkopesha mwenzake. Wazee wanaikumbuka njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliyoitwa kwa Kikamba Nikw'a Ngwete: nafa nikiwa nimeshika pesa. Siku hizo hata pesa ilikuwapo lakini chakula hakikununulika. Ukame wa juzi ulikuwa wa namna nyingine, chakula kilikuwa dukani na pesa ndiyo haikuwapo.

Hapa, na si kwingineko, ndipo ninapoona kazi halisi ya benki yenye leseni. Taasisi iliyo na wateja Kiambu, Kisii na Mombasa pamoja na Ikutha inaweza kuibeba Ikutha mwaka mmoja wa kiangazi, kwa sababu majani ya chai ya Kisii hayajui kwamba Kitui Kusini hakujanyesha. Mwaka mwingine hali itageuka. Sanduku la kufuli tatu haliwezi kufanya hivyo, na shailoki hana nia.

Kenya haikuanza jana. K-Rep ilianzishwa mwaka 1984, na mwaka 1999 ikazaa benki kamili ya biashara, jambo lililokuwa geni kwa shirika lililokuwa likikopesha maskini. Kenya Women Finance Trust ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ikakua chini ya Jennifer Riria hadi kuwa mkopeshaji mkubwa wa wanawake nchini. Equity ilitoka kwenye kampuni ya nyumba iliyokuwa ikizama hadi benki kamili mwaka 2004. Wote hao walijifunza kwamba maskini hulipa. Jambo ambalo mashirika mengi hayakuruhusiwa kufanya kwa miaka mingi ni kupokea amana za umma.

Na wasiokuwa na ruhusa walizipokea tu. Mnamo 2006 na 2007 Wakenya waliingizwa kwenye michezo ya upatu iliyojiita kila jina, baadhi ikitumia majina ya dini, ikiahidi kuzidisha pesa maradufu kwa miezi michache. Jopo lililoundwa baadaye kuchunguza, likiongozwa na Francis Nyenze, mwanasiasa wa Kitui ambaye sasa ni marehemu, lilikuta kwamba mabilioni ya shilingi ya watu wa kawaida yalikuwa yameyeyuka. Ukambani haikusalimika. Wapo ambao hadi leo ukiwatajia kuweka pesa kwa mtu mwenye ofisi na meza, wanakutazama tu.

Sheria ya Benki za Mikopo Midogo ilipitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika Mei 2008. Faulu ilikuwa ya kwanza kupewa leseni, mwaka 2009, na Kenya Women ikafuata mwaka 2010. Marekebisho ya 2013 yakaziruhusu kujiita benki. Kufikia mwisho wa 2023 zilikuwa 14. Leseni ina maana kwamba mtaji una kiwango cha chini, vitabu hukaguliwa, wakurugenzi huchunguzwa, na mikopo mibovu haiwezi kufichwa chini ya mkeka milele. La muhimu zaidi kwa mama mwenye elfu kumi: benki hizi ni wanachama wa Shirika la Bima ya Amana, KDIC, na tangu Julai 2020 mwekaji analindwa hadi shilingi 500,000 benki ikianguka. Awali ilikuwa 100,000. Kwa mtu wa Ikutha, nusu milioni ni zaidi ya atakachowahi kuweka kwa pamoja. Kwa lugha ya wazi, akiba yake yote imefunikwa.

Linganisha na sacco. Nazipenda sacco, zimesomesha nusu ya nchi hii. Lakini mfuko wa kulinda akiba za wanachama, uliotajwa katika Sheria ya Sacco ya 2008, miaka 15 baadaye ulikuwa bado haujaanza kazi, na mwaka 2024 ukaguzi wa chama mwavuli cha sacco, KUSCCO, ulifichua ubadhirifu wa mabilioni. Na ulinganishe na mkopeshaji aliye na ofisi, kompyuta na fulana zenye nembo, lakini hana leseni ya kupokea amana. Mara nyingi huyo ndiye watu wanayemwita benki. Akikuambia uache akiba kwake, haina mlinzi. Orodha ya walio na leseni huchapishwa na Benki Kuu, na si ndefu. Inasomeka kwa dakika tano.

Mbona basi Ikutha haina benki yake? Sheria ilifikiria hilo. Iliweka daraja mbili: benki ya nchi nzima, yenye mtaji wa angalau shilingi milioni 60, na benki ya jamii, inayohudumia eneo moja tu, yenye milioni 20. Milioni 20 si ndoto. Nyumba 2,000 zikichanga elfu kumi kila moja, mtaji umetimia. Niliwahi kuipenda sana picha hiyo. K-Rep nayo iliijaribu kwa namna yake mwishoni mwa miaka ya 1990, ikianzisha vituo vya fedha vijijini vilivyomilikiwa na wenyeji kwa hisa. Vingine vilidumu, vingi vilisumbuliwa na usimamizi na ukosefu wa ruhusa ya kupokea amana.

Siku hizi nina shaka zaidi. Kwanza kuna gharama: mfumo wa kompyuta unaokubaliwa na Benki Kuu, mkaguzi wa nje, mkurugenzi mkuu mwenye sifa ambaye atataka mshahara wa Nairobi ili aishi Mutomo. Riba ya mikopo ya elfu ishirini ishirini haiwezi kulipa hayo yote bila kupanda hadi pale pale tunapolalamikia. Pili, na hili ndilo zito, benki ya eneo moja ina udhaifu uleule wa sanduku. Benki ya Ikutha ingekuwa na wateja wa ndengu watupu. Misimu mitano ya 2020 hadi 2022 ingeimaliza, leseni na yote. Wenzetu Tanzania, kwa sheria yao ya mwaka 2018, waligawa sekta hii katika madaraja manne, vikoba, yaani vikundi vya akiba vya kijijini, vikiwa chini kabisa na benki juu, na Uganda ilitangulia kuzipa leseni taasisi za kupokea amana kwa sheria ya 2003. Mifumo yote mitatu inajaribu kujibu swali moja: pesa ya kijiji ilindwe na nani, bila kuifanya iwe ghali kuliko kijiji kinavyoweza kulipa. Kufikia sasa sijaona aliyelijibu kwa nchi kame.

Wakati huohuo benki zenyewe haziko salama. Kwa miaka kadhaa mfululizo sekta kwa ujumla imetangaza hasara. M-Pesa ilikuja mwaka 2007, mikopo ya simu ya M-Shwari mwaka 2012, na mteja aliyekuwa akingoja mkutano wa kikundi akaanza kukopa akiwa kitandani. M-Shwari ilianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukiizungusha kwa mwaka ni asilimia 90, lakini hakuna anayekopa kwa simu akifikiria mwaka. Kisha Novemba 2022 serikali ikaleta mikopo ya Hustler Fund, riba asilimia 8 kwa mwaka, kuanzia shilingi 500, na kwa bei hiyo hakuna benki inayoweza kushindana. Walionunua benki hizi ndogo karibuni nao wanaonyesha upepo unakovuma: Branch ilichukua Century, Umba ikachukua Daraja. Hizo ni kampuni za programu za simu. Wanachotaka ni leseni. Vikundi vya chini ya mwarobaini havimo kwenye mpango.

Simu si adui. Mfugaji wa Mutha ambaye zamani alipoteza siku nzima kwenda Kitui kulipia karo sasa anamaliza kazi hiyo akiwa machungani. Lakini programu inayokadiria uaminifu wako kwa kuangalia unavyonunua muda wa maongezi haiwezi kuona ndengu zilizokauka ghalani. Inaona tu kwamba tangu Machi hakuna kinachoingia, inakupunguzia kiwango, na ukichelewa unaorodheshwa CRB, kwenye rejista ya wakopaji, kwa deni lisilofika bei ya jogoo.

Wanaoweza kuziona ndengu hizo ni watu walio karibu, na sheria imeshafungua milango ambayo wachache wameingia. Tangu 2017 mali inayohamishika inakubalika kisheria kuwa dhamana ya mkopo, na katika orodha hiyo mifugo na mazao yamo. Hili ni jambo kubwa kwa Kitui Kusini, ambako mashamba mengi hayana hati za kumiliki za kupeleka benki, lakini boma lina mbuzi thelathini. Mwaka 2019 ikaja sheria ya stakabadhi za ghala. Mkulima anapeleka gunia kwenye ghala lililoidhinishwa, linapimwa kwa mizani badala ya gorogoro iliyobondwa, anapewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo anakopea. Karo ya Januari inalipwa, ndengu zinabaki zikisubiri bei. Tanzania wamefanya hivyo na korosho za Mtwara tangu msimu wa 2007/08, kwa vita na kelele nyingi, na baadaye wakaingiza mbaazi, ufuta na choroko, ambazo ndizo ndengu zetu. Madalali walipiga kelele zaidi ya wote, jambo ambalo kwangu ni cheti cha ubora.

Nikiulizwa mkopo wa Ikutha ungekuwaje, ningesema hivi: utolewe mwishoni mwa Septemba, sehemu yake ikiwa mbegu zenyewe, urejeshwe mara moja au mbili, kati ya mwisho wa Februari na Aprili, riba ihesabiwe kwa deni lililobaki, na ndani yake pawe na bima ya mvua ambayo gharama yake inatajwa kwa jina lake badala ya kufichwa kwenye ada. Kikundi kibaki, kwa sababu kinajua nani huahidi na kupotea, lakini kisitumwe kung'oa mabati ya mwenzao mvua ilipomnyima. Tangi la maji lihesabiwe kuwa uwekezaji, kama Kenya Women ilivyofanya kwa mikopo yake ya matangi, kwa sababu mama asiyetembea saa tatu kutafuta maji ana saa tatu za kufanya jambo lingine. Hatari ya mkopo kama huo ni kubwa na bei yake haitakuwa ya Hustler Fund. Wakulima wanaelewa hatari. Wao huzika mbegu kavu ardhini kabla mvua haijanyesha, kila Oktoba.

Akiba ingekuwa rahisi zaidi, na inashangaza kwamba imeachwa. Haihitaji tawi. Inahitaji wakala mmoja mwenye mashine dukani Ikutha, mwingine Kanziko, na akaunti inayofunguliwa kwa kitambulisho, ambayo mwenyewe anaifunga hadi Oktoba ili shemeji asije na hadithi mwezi wa Mei. Sanduku la kufuli tatu linaweza kuendelea na mikutano yake na kupeleka ziada huko, ili usiku wa mgawo wa mwisho wa mwaka pasiwe na nyumba moja yenye laki tatu chini ya kitanda na kijiji kizima kikijua. Benki nayo ingepata kile inachokilalamikia kila mwaka, amana za bei nafuu za watu wengi, badala ya kukopa kwa benki kubwa kwa riba inayomshukia mkopaji.

Siku ya lori la ndengu, kabla noti hazijahesabiwa mara ya pili, mwenye mauzo tayari amezungukwa: kuna mwuza mabati, mwuza redio, kijana wa pikipiki za mkopo na mkusanyaji wa michango ya harusi. Wote wanaijua kalenda ya ndengu na wamejipanga. Ningekuwa meneja wa tawi Kibwezi au Kitui, likizo ya maafisa wangu ningeipeleka Juni, na Februari yote wangekuwa kwenye barabara hii, kutoka daraja la Athi hadi Mutomo, wakifungua akaunti.